Fundi Umeme wa Majengo, Moshi: Tathmini Baada ya Kubadilishiwa Swichi ya Ufunguo ya Volkswagen ya 1972

Kwa miezi mitatu Volkswagen Beetle ambayo baba yetu alituachia ilikuwa ikiegeshwa uwanjani kwetu Marangu huku pua ikielekezwa mteremkoni, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na hakika kwamba asubuhi ingekubali kuwaka kwa ufunguo. Mteremko wa kwetu ulitusaidia sana: unaachia breki ya mkono, gari linachukua mwendo, unaweka gia ya pili, unaachia klachi taratibu na injini inashtuka. Lakini Moshi mjini hakuna mteremko wa namna hiyo, na mama wa miaka hamsini na sita hawezi kila mara kuwaomba vijana wa bodaboda wamsukumie gari karibu na soko la Mbuyuni. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Moshi na Arusha wanaotunza magari ya zamani, kwa kuwa nimelipia ubovu mmoja mara mbili kabla ya kukutana na fundi aliyeutafuta mpaka akaupata.

Dalili zilianza mwezi wa Juni, wakati wa baridi. Ukizungusha ufunguo hadi mwisho, taa ya chaji na taa ya oili zilibaki zinawaka, kisha kutoka nyuma ukasikia mlio mmoja mdogo wa chuma, halafu kimya. Swichi ya gari hili ina kizuizi kisichokuruhusu kupiga stata (mota inayozungusha injini ili iwake) mara ya pili mpaka kwanza urudishe ufunguo na kuzima kila kitu, kwa hiyo unazima, unaanza upya, na huenda likawaka mara ya tatu, huenda likawaka mara ya kumi. Injini ikiwa ya moto, hasa baada ya kutoka Himo hadi mjini na kusimama dakika ishirini benki, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kaka yangu aligundua kwamba ukiukandamiza ufunguo kwa upande huku ukiuzungusha, wakati mwingine stata inaitika. Ugunduzi huo ulikuwa na jibu lote ndani yake, ila sisi wenyewe hatukujua kuusoma.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo sitaitaja jina, ni kubwa na ina wahudumu wengi. Nilieleza kila kitu, pamoja na habari ya kuukandamiza ufunguo. Kijana aliyenipokea alisikiliza nusu, akasema, “Mama, hiyo ni betri.” Nikanunua betri mpya. Gari liliwaka vizuri kwa siku nne, kwa sababu ambayo niliielewa baadaye: betri mpya iliyojaa inasukuma umeme kwa nguvu kidogo zaidi, na swichi iliyochoka inajikongoja kwa muda. Niliporudi wakasema ni stata. Ikashushwa, ikabadilishwa kaboni, ikapakwa rangi ya fedha, ikarudishwa. Nikalipa shilingi 160,000, na siku ya tisa nilikuwa nimekwama tena. Mara ya tatu niliambiwa kwamba gari lenyewe limepitwa na wakati, kwamba spea zake hazitengenezwi tena, na kwamba ningefanya vyema kuliuza kwa wanaonunua vyuma chakavu.

Kauli hiyo iliniuma, na tena si ya kweli. Tarehe 17 Februari 1972, mwaka uleule lilipoundwa gari letu, Volkswagen ya umbo hili iliipita Ford Model T kwa idadi, gari la 15,007,034 lilipokamilika, na uundaji wake haukukoma mpaka Julai 2003 nchini Meksiko, yakiwa yamekwisha kuundwa zaidi ya milioni 21. Gari lililoenea dunia nzima kwa kiasi hicho halikosi swichi ya ufunguo. Linachokosa, mara nyingi, ni mtu wa kukaa nalo saa moja.

Karakana ninayoisifu hapa haina bango. Ipo Majengo, chini ya mwembe, na ina paa la bati na meza moja ndefu iliyojaa alteneta zilizofunguliwa matumbo. Niliambiwa habari zake na dereva mmoja wa daladala. Fundi alinipokea kwa “Shikamoo, mama,” akanipa kiti, kisha akaniuliza maswali matatu ambayo mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza: ukizungusha ufunguo unasikia nini, inatokea zaidi gari likiwa la baridi au la moto, na je, wakati huo taa ya ndani inafifia?

Swali la mwisho sikuweza kulijibu, kwa hiyo tukalijibu pamoja. Aliwasha taa ndogo ya ndani na kuniomba nipige stata. Katika gari langu taa kubwa za mbele hazifai kwa kipimo hiki, kwa sababu swichi ya ufunguo yenyewe huzikata wakati wa kupiga stata ili kuipunguzia betri mzigo, lakini taa ya ndani hulishwa moja kwa moja na betri wakati wote. Akanieleza maana yake kabla hatujaona matokeo. Taa ikizimika kabisa au kufifia sana, betri ni dhaifu, vichwa vyake vimelegea, au stata yenyewe imekwama na inakunywa umeme wote. Taa ikibaki na mwanga wake na stata isigeuke, basi umeme mwingi haujaondoka kwenye betri hata kidogo, na kosa litafutwe kwanza kwenye njia ya kuiamrisha stata. Nilizungusha ufunguo. Mlio ukasikika, na taa ikabaki vilevile. Kwa kipimo hicho kisicho na gharama hata ya senti moja, betri niliyoinunua ilikuwa imeondolewa katika orodha ya washukiwa, na stata niliyoitengeneza ilikuwa imeshuka chini ya orodha hiyo.

Kisha akainua kiti cha nyuma, ambako betri ya gari hili hukaa upande wa kulia, akanyamaza kidogo, akaniita nije kuangalia. Betri niliyouziwa ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko ile ya zamani, na kifuniko chake hakikurudishwa. Kiti cha nyuma cha Volkswagen hii kina springi za chuma na kujazwa nyuzi kavu juu yake; abiria mzito akikaa, springi hushuka, na zikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja zinakuwa waya unaowaka moto chini ya nyuzi hizo. Magari ya aina hii yameungua kwa namna hiyo. Kwenye springi mbili za kiti chetu tayari palikuwa na alama nyeusi ndogo, kila moja ukubwa wa punje ya mtama. Wajukuu wa dada yangu ndio hukaa upande ule tunapokwenda kanisani. Sitaisahau siku hiyo, na ninamwomba kila mwenye gari kama hili ainue kiti chake leo na kuangalia, hata kama gari linawaka bila shida yoyote.

Fundi alikata kipande cha mpira mzito, akakifunga juu ya betri kwa muda, na ndipo tukaendelea.

Jambo linaloitofautisha karakana hii na nyingine ni kwamba mkono wa fundi ulikwenda kwenye mita kabla ya kwenda kwenye spana. Kwanza alipima betri ikiwa imetulia, akapata volti 12.6, ambayo ni betri iliyojaa. Akaegemeza mawe mbele na nyuma ya tairi, akavuta breki ya mkono, akahakikisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba gia ipo huru, kisha akaingia chini na waya mmoja mfupi. Kwenye stata kuna sehemu mbili za kuangalia: ile kubwa yenye namba 30, inayofika moja kwa moja kutoka kwenye betri, na ile ndogo yenye namba 50, inayopokea amri kutoka kwenye ufunguo na kuiamsha selenoidi, yaani sumaku ya umeme inayoiunganisha stata na betri. Alipoigusanisha 30 na 50 kwa ule waya, huku ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, stata iligeuka papo hapo kwa nguvu na injini ikazunguka. Alirudia mara tano, na mara zote tano iliitika. Hapo aliniambia pia kwamba ukikuta fundi anafanya hivi bila kuangalia gia, mzuie, kwa sababu gari likiwa ndani ya gia litampanda.

Baada ya hapo akaweka waya mmoja wa mita kwenye namba 50 na mwingine kwenye bodi, nami nikazungusha ufunguo. Betri wakati huo ilikuwa inaonyesha volti 12.2, kwenye namba 50 zilifika 7.4 tu. Volti karibu tano zilikuwa zimepotea njiani, na selenoidi inayopata volti saba hujaribu kuvuta, hulia mara moja, na kushindwa.

Njia yenyewe ni ndefu, na hapa ndipo palipo na udhaifu wa kimaumbile wa gari hili ambao kila mmiliki anapaswa kuujua. Betri ipo nyuma na stata ipo nyuma, karibu sana, lakini amri ya kuwasha haipiti mkato: umeme hutoka nyuma, hupita kwenye kidhibiti cha chaji, husafiri urefu wote wa gari hadi kwenye swichi ya taa na swichi ya ufunguo, huvuka pointi za swichi hiyo, kisha hurudi tena urefu wote wa gari hadi kwenye selenoidi, ambayo kwa sekunde ile ya kwanza ya kuvuta hudai ampia nyingi kuliko taa zote za gari zikiwekwa pamoja. Kila kiungo kilichoota kutu kinatoza ushuru wake. Joto la injini nalo huongeza ukinzani wa koili ya selenoidi iliyo jirani yake, na ndiyo maana gari huwaka asubuhi likagoma mchana.

Kujua kwamba volti zimepotea hakutoshi. Lazima ujue zimepotelea wapi. Fundi alishusha kifuniko chini ya usukani, akaweka nyaya mbili za mita kwenye mgongo wa swichi, mmoja kwenye 30 na mwingine kwenye 50. Kipimo hiki hakiulizi una umeme kiasi gani, kinauliza swichi inakula kiasi gani ikiwa kazini. Swichi nzima haipaswi kula hata nusu volti. Yetu, nilipozungusha ufunguo, ilikula 3.6. Akaniambia niukandamize ufunguo kwa upande kama alivyofanya kaka yangu, na namba ikashuka mpaka 0.9, na stata ikageuka. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akisema ukweli kwa miezi mitatu bila kuaminiwa. Volti 1.2 zilizobaki zilikuwa kwenye viungo vya waya, ambavyo alivisafisha kimoja kimoja kwa msasa siku iliyofuata. Alipima pia ule mkanda wa athi unaounganisha giaboksi na bodi, kwa sababu mkanda huo ukikatika au ukiota kutu stata hukosa njia ya kurudishia umeme. Wetu ulikuwa mzima.

Nilimwuliza kama stata iliyotengenezwa ilikuwa imetengenezwa sawasawa. Hakuwasema wenzake. Alisema tu kwamba katika Volkswagen hii ncha ya shafti ya stata hukaa ndani ya bushi ndogo ambayo haipo kwenye stata, ipo kwenye nyumba ya giaboksi, na anayeshusha stata bila kuitazama bushi hiyo amefanya kazi nusu. Aliitazama kesho yake. Haikuwa imebadilishwa, ila bado ilikuwa inafaa, na hakuniuzia nyingine.

Sasa kuhusu swichi yenyewe, kwa kuwa niliagiza mbili. Sehemu ya umeme ya swichi hii imejitenga na silinda ya ufunguo, kwa hiyo mtu akikwambia ni lazima ununue kufuli zima pamoja na funguo mpya, mwulize vizuri. Ya kwanza niliiagiza kwa bei ya shilingi 25,000. Ilifika ndani ya boksi jeupe lisilo na jina wala namba. Plastiki yake ilikuwa laini, na vipande vya kuunganishia nyaya vilicheza ukivigusa kwa kidole. Fundi aliipima mezani kabla ya kuifunga, akaipitishia umeme wa taa mbili za mbele kama mzigo, na baada ya dakika moja ilikuwa na joto mkononi. Akaikataa. Ya pili, iliyotengenezwa Brazili, ilitoka Nairobi na basi kupitia Namanga. Ilinigharimu shilingi 70,000 pamoja na usafiri. Hii ni nzito zaidi, inarudi yenyewe kwa springi iliyo imara ukiachia ufunguo, na kwa mzigo uleule ilikula chini ya 0.1 ya volti na kubaki ya baridi. Tofauti ya shilingi 45,000 ni kubwa kwa mstaafu kama mimi, lakini springi hiyo ya kurudi si jambo dogo: swichi inayokwama mahali pa kupigia stata huiacha stata ikiendelea kuzungushwa na injini inayokwenda kasi, na hapo utanunua stata kwa sababu ya kweli.

Kuifunga kulichukua asubuhi nzima. Alitoa kwanza waya hasi wa betri, akaweka alama ya rangi nyeupe kwenye shafti na kwenye usukani ili virudi mahali pake, akang'oa usukani, akaondoa swichi ya indiketa na skrubu zake nne, na ndipo akaifikia. Ile ya zamani aliifungua mbele yangu kwa bisibisi nyembamba. Pointi moja ya shaba ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka ikawa na umbo la mwezi mchanga, na kuta za plastiki kuizunguka zilikuwa nyeusi kwa masizi. Aliifunga ndani ya karatasi, akanikabidhi pamoja na skrubu yake. Ninayo mpaka leo, kwenye droo ya baba.

Aliongeza pia rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na hili ndilo ninaloona lina thamani kuliko swichi mpya. Ameiweka chini ya kiti cha nyuma, jirani na betri lakini mbali na springi. Waya wa zamani wa ufunguo, ule mwekundu wenye mstari mweusi, sasa unaingia kwenye namba 86 ya rilei badala ya kwenda kwenye stata. 85 imekwenda athi. 30 inachukua umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Na 87 inaupeleka kwenye selenoidi kwa waya mnene usiozidi urefu wa mkono. Kwa hiyo pointi za ufunguo zinabeba umeme mdogo tu wa kuiamsha rilei, na kazi nzito inafanyika palepale nyuma. Wapo wapenzi wa magari ya zamani wasiotaka kuongezewa chochote ambacho hakikutoka kiwandani, na ninawaelewa. Mimi ninataka gari la baba litembee, na rilei haionekani mpaka uinue kiti.

Malipo ya fundi kwa siku mbili yalikuwa shilingi 60,000, na rilei pamoja na nyaya na fyuzi 18,000. Kifuniko cha betri alikitengeneza kwa plastiki ngumu na hakunitoza.

Upungufu wake upo. Hatoi risiti wala dhamana ya maandishi, na ukimpigia simu akiwa kazini hapokei. Foleni ni ndefu kwa sababu yupo peke yake na msaidizi mmoja. Gari langu lilisubiri siku tatu kabla ya kuguswa, na hakuna mahali palipofunikwa pa kuliacha, kwa hiyo msimu wa mvua unapaswa kujiandaa. Kazi ya kabureta au breki hafanyi na atakwambia hivyo tangu mwanzo. Spea za magari ya zamani hana dukani, itakubidi uagize mwenyewe, ingawa atakuandikia kwenye karatasi unachotakiwa kuagiza na jinsi ya kukikagua kabla ya kulipa. Anafungua saa mbili asubuhi, na ni vizuri kwenda na mtu wa pili wa kuzungusha ufunguo wakati yeye akiwa nyuma na mita.

Aliniambia nirudi baada ya miezi mitatu ili apime tena. Nilirudi wiki iliyopita, injini ikiwa ya moto baada ya kushuka kutoka Marangu. Stata ikigeuka, betri ilionyesha volti 10.8 na namba 50 ikaonyesha 10.6. Aliziandika namba hizo kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa kifuniko cha betri, chini ya zile za kwanza, pamoja na tarehe, na hakutaka malipo yoyote.